Damu Yake Mwenyewe Juu ya Kidonda

Leo tutazungumza juu ya mguu wa mgonjwa wa kisukari, na juu ya matibabu mapya ambayo watu wengi wanayauliza siku hizi.

Tuseme unaishi Kayole, au Umoja, au Jericho. Mama mkwe wako amekuwa na kisukari kwa miaka kumi. Miezi mitatu iliyopita alirudi kutoka sokoni na lengelenge dogo chini ya kidole gumba cha mguu. Hakulalamika, maana halikumuuma. Leo pale palipokuwa na lengelenge pana shimo. Umeliosha, umelifunga, umenunua dawa kwa duka la dawa, na bado halifungi. Hospitalini mmesikia neno ambalo hakuna mtu nyumbani anayetaka kulitamka tena: kukata.

Hapo jirani anakuja na habari. Kuna kliniki mjini, anasema, ambako wanachota damu ya mgonjwa mwenyewe, wanaizungusha kwenye mashine, kisha wanamrudishia kwenye kidonda, nacho kinafunga. Wanaiita PRP. Bei yake si ndogo. Shemeji anataka mfanye mchango. Mume wako anauliza kama muuze kile kipande cha shamba nyumbani mashambani. Na wote wanakuangalia wewe, kwa sababu wewe ndiwe unayefunga kile kidonda kila siku.

Je, mlipe au msilipe? Kabla hujajibu, njoo turudi nyuma kidogo tuone watu waliotangulia walipambana vipi na kidonda hiki. Historia hii itakusaidia kuamua.

KIDONDA NDUGU NA MJI WETU

Wazee wetu walikijua kidonda kisichopona. Walikiita kidonda ndugu. Jina hilo lamfaa, maana hukaa na mtu kama jamaa aliyekuja kutembea akakataa kurudi kwao. Wakati reli ilipojengwa kutoka Mombasa kuja bara, kuanzia mwaka 1896, vidonda vya miguu na funza viliwasumbua sana wafanyakazi. Vidonda hivyo vingi vilitokana na majeraha madogo, uchafu, chakula duni na kutembea bila viatu. Kisukari hakikutajwa sana.

Na kweli, siku zile madaktari wa Afrika Mashariki waliona wagonjwa wachache wa kisukari. Dkt. Hugh Trowell, aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Hospitali ya Mulago nchini Uganda, alikuwa mmoja wa walioandika kwamba ugonjwa huu ulikuwa nadra kwa Waafrika. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kizima juu ya magonjwa ya Afrika yasiyoambukizwa.

Lakini mji ulikua. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, na baada ya Uhuru zikaja Dandora, Umoja na Buruburu. Watu walioacha jembe wakaja kushika kazi za kukaa na za zamu. Miguu ikaachia matatu kazi ya kutembea. Unga uliokobolewa, mafuta ya kukaangia, soda na chai yenye sukari nyingi vikawa chakula cha kila siku. Watu pia wakaanza kuishi miaka mingi zaidi. Kisukari kikaingia polepole, kimya kimya.

Mwaka 2008 na 2009 watafiti walipima zaidi ya watu wazima 5,000 katika vijiji vya Korogocho na Viwandani, huku kwetu Eastlands. Katika kila wanawake 100, karibu 5 walikuwa na kisukari. Katika kila wanaume 100, walikuwa 4. La kusikitisha zaidi ni hili: katika wote waliokutwa na kisukari, hata robo yao hawakuwa wakijua kwamba wanaumwa. Na waliokuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri hawakufika 5 kwa kila 100.

Tazama pia Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mwaka 2003 madaktari wa hapo walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,788 wa kisukari. Kati yao, 82 walikuwa na vidonda vya miguu. Karibu nusu ya vidonda hivyo vilitokana na ganzi, yaani mishipa ya fahamu iliyoharibika. Miongoni mwa mambo yaliyochangia, madaktari walitaja sukari isiyodhibitiwa, shinikizo la damu, mafuta mabaya katika damu, maambukizo, na mgonjwa kutojitunza miguu. Hilo la mwisho ni la nyumbani, mama. Tutalirudia.

KWA NINI NI MGUU?

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu vitu viwili. Kwanza, huharibu mishipa ya fahamu. Mgonjwa huanza kusikia kama sindano au moto miguuni, kisha baadaye hasikii kitu. Anaweza kukanyaga msumari na kutembea nao hadi jioni. Pili, huharibu mishipa ya damu. Inakuwa myembamba, na damu haifiki vizuri kwenye vidole. Pasipofika damu, chakula cha nyama ya mwili hakifiki, wala askari wa kupigana na viini vya ugonjwa hawafiki, hata dawa uliyomeza haifiki.

Kwa hiyo mguu unaumizwa bila kusema, na ukiisha kuumia hauna nguvu ya kujiponya. Kidonda cha kisukari ni hicho. Hakuna aliyemroga mama mkwe wako.

WALIOTUTANGULIA

Mwaka 1884 daktari mpasuaji wa London, Frederick Treves, aliandika juu ya vidonda vya chini ya mguu visivyopona. Alikuwa ameona kwamba kuzunguka kidonda kuna sugu ngumu, na kwamba mgonjwa anapoendelea kukanyaga, kidonda hakifungi. Akafanya mambo matatu: aliiondoa ile sugu, akampumzisha mgonjwa, na akataka avae kiatu kinachofaa. Daktari huyo baadaye alisafiri kwa gari la moshi kutoka Mombasa kupitia Nairobi hadi Uganda, na kitabu cha safari yake kilichapishwa mwaka 1910. Lakini ushauri wake wa miguu ulichukua miaka mingi kutufikia.

Wakati ule aliyepatwa na kisukari kikali, hasa mtoto, hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Mambo yalibadilika mjini Toronto, Kanada. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini kutoka kwenye kongosho la mnyama. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Sindano ile ya kwanza haikumfaa sana, kwa kuwa dawa haikuwa safi. Mwenzao James Collip akaisafisha zaidi, na tarehe 23 Januari wakamdunga tena. Sukari ikashuka, kijana akapata nguvu, akaishi hadi mwaka 1935.

Insulini iliwaokoa watu wengi wasife mapema. Lakini walioishi miaka mingi na kisukari walikuja kupata vidonda vya miguu. Mwaka 1934 Dkt. Elliott Joslin wa Boston, Marekani, aliandika makala ya kuonya juu ya miguu inayooza kwa kisukari. Alishikilia kwamba hali hiyo inaweza kuzuiwa. Hospitalini kwake daktari mpasuaji, mtunza miguu na mwalimu wa wagonjwa walifanya kazi pamoja, na wagonjwa walifundishwa kuosha na kukagua miguu yao kila siku.

PANYA WA USIKU

Fundisho lingine kubwa lilitoka kwa wagonjwa wa ukoma. Dkt. Paul Brand alifika Vellore, India, mwaka 1946. Watu waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand alichunguza akaona kwamba ukoma unaua hisia tu. Vidole viliharibiwa na moto wa jikoni, na misumari, na kiatu kibaya. Na vingine vilipotea usiku mmoja, mgonjwa akiwa amelala, bila mtu kujua vimekwenda wapi. Walipokesha kuangalia, waligundua kwamba ni panya. Panya walikuja kuguguna vidole, na mgonjwa hakuamka kwa sababu hakusikia maumivu. Baada ya hapo wagonjwa wakapewa paka wa kulala nao.

Kwa vidonda vya chini ya mguu, madaktari wa ukoma walitumia plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, iliyoshika mguu wote ili uzito usikae mahali pamoja. Kidonda kilichokaa miaka kikafunga katika majuma. Brand alipohamia Carville, Marekani, katika miaka ya 1960, njia hiyo ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa kisukari, maana ganzi ni ganzi, iwe ya ukoma au ya sukari.

Usidhani hayo ya panya ni ya India ya zamani. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Wewe unayeishi karibu na jalala la Dandora, au kwenye nyumba za mabati za Korogocho, panya unawajua. Kama mgonjwa wako ana ganzi, mvalishe soksi safi usiku, ziba mashimo, na usiache chakula karibu na kitanda.

Dkt. Abbas na wenzake hawakuishia kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania na India zilianza mradi ulioitwa Hatua kwa Hatua. Madaktari na wauguzi kutoka hospitali za mikoani walifundishwa kukagua miguu, kukata sugu, kusafisha vidonda mapema na kumfundisha mgonjwa na jamaa zake. Vifaa vyenyewe vilikuwa rahisi. Mradi huo ulionyesha kwamba hata katika nchi zetu miguu mingi inaweza kuokolewa.

DAMU INAYOJIPONYA

Sasa tufike kwenye ile habari ya jirani.

Mwaka 1882, mjini Turin, Italia, Giulio Bizzozero alieleza chembe ndogo sana ndani ya damu ambazo hukimbilia mahali palipokatika na kushikamana ili damu isiendelee kutoka. Zinaitwa chembe sahani. Katika tone moja la damu zimo mamilioni. Wewe umeziona zikifanya kazi kila mtoto anapoanguka na goti likafanya gaga.

Baadaye wanasayansi waligundua kwamba chembe hizi zina kazi ya pili. Zikifika kwenye jeraha hufunguka na kumwaga kemikali zinazoamsha mwili: njooni mjenge ngozi, njooni mjenge mishipa mipya ya damu. Mwaka 1986 Dkt. David Knighton na wenzake huko Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya kuweka dawa iliyotengenezwa kutoka chembe sahani za mgonjwa mwenyewe juu ya vidonda sugu. Mwaka 1997 Marekani ikaidhinisha mafuta ya kupaka yenye mojawapo ya kemikali hizo kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Mwaka 1998 Dkt. Robert Marx akaonyesha matumizi yake katika upasuaji wa mifupa ya taya. Tangu hapo PRP ikaenea duniani kote, kwa magoti, kwa nywele na kwa uso. Hapa Nairobi pia kuna kliniki za kibinafsi zinazoitangaza.

Hufanywaje? Damu kiasi huchotwa mkononi kwa sindano safi na kutiwa kwenye mrija. Mrija huwekwa ndani ya mashine inayozunguka kwa kasi. Chembe nyekundu, zilizo nzito, hushuka chini. Juu hubaki majimaji ya rangi ya manjano yaitwayo plazima, na humo ndani chembe sahani hukusanywa kwa wingi kuliko kawaida. PRP maana yake ni hiyo: plazima yenye chembe sahani nyingi. Kisha hupakwa au hudungwa kwenye kidonda kilichosafishwa, na kidonda hufungwa. Kazi hiyo hurudiwa, mara nyingi kila juma.

Kwa kuwa ni damu ya mgonjwa mwenyewe, mwili haukatai. Hilo ni jema. Lakini swali lako la kwanza lilikuwa juu ya pesa, kwa hiyo tuulize: je, inaponya?

Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la Cochrane walipitia majaribio yaliyokuwapo. Walisema PRP huenda ikasaidia vidonda vya miguu vya kisukari, lakini majaribio yalikuwa madogo na ushahidi wake dhaifu. Mwaka 2018 likatoka jaribio kubwa zaidi, kutoka kliniki 32 za Uingereza, Denmark na Sweden. Hapo hawakutumia PRP ya majimaji. Walizungusha damu ya mgonjwa hadi ikawa kiraka chenye chembe sahani, chembe nyeupe na nyuzi za damu iliyoganda, wakakiweka juu ya kidonda kila juma. Katika muda wa majuma 20, vidonda vilivyofungwa vilikuwa 34 kwa kila 100 kwa waliowekewa kiraka, na 22 kwa kila 100 kwa waliotunzwa kawaida.

Sikiliza hesabu hiyo vizuri. Kiraka kiliongeza wagonjwa 12 waliopona kwa kila 100. Hilo si dogo kama mguu ni wa mama yako. Lakini hata kwa kiraka, wagonjwa 66 kwa kila 100 walikuwa bado na kidonda baada ya majuma 20.

Kuna jambo lingine katika jaribio lile. Kabla ya kuanza, wagonjwa wote walitunzwa vizuri kwa majuma 4: kidonda kilisafishwa, uzito uliondolewa juu yake, maambukizo yalitibiwa. Wale ambao kidonda chao kilipungua kwa nusu au zaidi katika muda huo hawakuingizwa katika jaribio. Matunzo ya kawaida yalikuwa yanawatosha.

Mwaka 2023 jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari lilitoa mwongozo. Lilisema kile kiraka kinaweza kufikiriwa kwa kidonda ambacho matunzo bora yameshindwa kukifunga, mahali penye wataalamu na vifaa vya kuchota damu mara kwa mara. Kuhusu matibabu mengine ya chembe sahani, pamoja na PRP ya kawaida, jopo lilishauri yasitumike kwa sasa kuongezea matunzo, kwa kuwa ushahidi hautoshi.

SASA TURUDI MEZANI

Familia yako bado inakungojea. Utawaambia nini?

Waambie kwanza msiuze shamba. Muulizeni daktari maswali haya kabla ya kutoa senti.

Je, damu inafika mguuni? Daktari apapase mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo, au apime kwa mashine. Kama mishipa imeziba, chembe sahani ni kama mbegu iliyopandwa pasipo mvua. Mgonjwa huyo anahitaji kwanza daktari wa mishipa.

Je, kidonda kina maambukizo, au yamefika kwenye mfupa? Hayo yatibiwe kwanza.

Je, nyama iliyokufa na sugu vimeondolewa? Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Usijaribu nyumbani kwa wembe.

Je, mgonjwa bado anakanyaga kidonda? Kama anatembea nacho kila siku, hakuna dawa itakayokifunga. Aulizie plasta maalum, kiatu maalum au magongo.

Je, sukari yake ni ngapi? Na shinikizo la damu? Na kama anavuta sigara, ameacha?

Kama majibu yote ni mazuri, na matunzo hayo yamefuatwa kwa majuma 4 au zaidi, na kidonda bado hakipungui, basi ni haki yako kumuuliza daktari wa vidonda au mpasuaji kuhusu PRP au kiraka cha damu. Mwulize amewatibu wangapi, itarudiwa mara ngapi, gharama yote ni kiasi gani, na watajuaje wakati wa kuacha. Uliza pia kama bima yenu inailipia. Anayekuahidi kwamba kidonda kitapona kwa hakika, muogope.

Na usalama, mama. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wanawake kadhaa wa jimbo la New Mexico waliambukizwa virusi vya Ukimwi baada ya kufanyiwa huduma ya PRP usoni katika saluni ya urembo isiyo na leseni. Damu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa vifaa visivyo safi. Kwa hiyo usimpeleke mgonjwa wako penye chumba cha nyuma na bei nafuu. Hakikisha kliniki na daktari wana leseni ya baraza la madaktari, KMPDC. Sindano na mirija vifunguliwe mbele ya macho yako, na mrija uandikwe jina la mgonjwa.

KAZI YA LEO JIONI

Jambo moja linajirudia tangu Treves hadi Dar es Salaam. Kila mguu uliookolewa ulikuwa na mtu aliyeutazama mapema. Mara nyingi mtu huyo ni wewe. Basi leo jioni, chai ikiwa jikoni, fanya haya.

Mwambie mgonjwa wako avue viatu na soksi, alale, afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chako mguse kidogo tu, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Usibonyeze. Aseme kila anaposikia. Hizo ni sehemu 6. Asiposikia mbili au zaidi, huenda ana ganzi. Mpeleke kliniki ya kisukari akapimwe vizuri, hata kama hana kidonda.

Kagua juu, chini na katikati ya vidole kila siku. Tafuta lengelenge, mpasuko, uwekundu, sugu, ukucha ulioingia nyamani. Kama mgonjwa hana mtu, aweke kioo sakafuni ajitazame.

Osha miguu kwa maji vuguvugu na sabuni. Pima maji kwa kiwiko chako wewe, maana mguu wenye ganzi hauwezi kujua maji yanachoma. Usiiloweke kwa muda mrefu, wala usitie maji moto na chumvi. Kausha vizuri katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini, lakini usipake katikati ya vidole.

Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba, hata kwenda msalani. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani utafute kokoto au msumari. Mkienda Gikomba kutafuta viatu vya mitumba, nendeni mchana ukiwa umesonga, wakati mguu umevimba kidogo, mchague kipana kisichobana vidole. Kilichotobokatoboka ndani mkiache.

Na ukiona haya, usingoje kesho: kidonda kinanuka au kinatoa usaha, uwekundu unapanda, mguu umevimba na una joto, kidole kimekuwa cheusi, au mgonjwa ana homa. Mpeleke siku hiyo hiyo, iwe ni Mama Lucy Kibaki, iwe ni Kenyatta au hospitali yoyote iliyo karibu. Kidonda kipya chochote cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari kionwe na muuguzi au daktari upesi, hata kama hakiumi. Kutouma kwake ndiko kunakotisha.

Huenda siku inakuja ambapo kiraka cha damu kitapatikana katika hospitali zetu za Eastlands kwa bei ambayo mama wa Kayole ataimudu. Siku hiyo ikifika, tutafurahi. Hata hapo, kitawekwa juu ya mguu uliosafishwa, uliopumzishwa, na ulioletwa hospitalini mapema na mtu aliyeukagua.

Mwambie na jirani yako yaliyosemwa leo, hasa yule aliyekuletea ile habari.